Kumtembelea Mama wa Dirishani

Watu wa Kiganjo, mtaa mmoja wa Thika, humjua Mourine kwa mambo ya serikali. Ukitaka kujaza returns za kodi, ukitaka cheti cha tabia njema, ukitaka kumhamisha mtoto shule, utaambiwa nenda pale cyber ya Gachau, duka la intaneti kando ya Kaveke anayeuza viatu vya mitumba, umuulize yule msichana mrefu wa kutoka Ugenya. Msichana mwenyewe amepita miaka thelathini zamani, lakini Thika mtu akikaa nyuma ya kompyuta habadilishwi cheo. Atakufanyia kazi yako, wala hatakufokea ukisahau nywila, hata kama umeisahau kila mara uliyokanyaga pale. Hayo ndiyo wanayoyajua, na ni machache.

Wasichojua ni kwamba nusu ya siku Mourine huwa hayuko Thika. Mwili wake uko pale kitini, mkono uko kwenye kipanya, na feni inazungusha harufu ya wino wa moto. Yeye mwenyewe ameenda. Kuna saa za alasiri, hasa miezi ya kiangazi, ambapo wateja hukauka na vumbi la barabarani husimama hewani likiwa la dhahabu mbele ya pazia. Boda boda husikika zikienda mbali zaidi na zaidi mpaka zinakuwa kama nyuki. Hapo ndipo Mourine hufungua tovuti ambazo hakuna mtu mwenye akili timamu angezihitaji.

Hazitafuti. Yeye hufuata tu. Chini kabisa ya ukurasa fulani mtu ameandika kwamba ana rafiki aliyetengeneza kitu kizuri, Mourine anabonyeza, na huko kwa rafiki kuna rafiki mwingine. Hivyo ndivyo alivyofika kwenye tovuti ya mvua. Unachagua mji, unasikia mvua ya mji huo iliyorekodiwa na mwenyeji: ya bati, ya vigae, ya majani ya migomba, na moja ya turubai la soko ambayo Mourine aliisikiliza mpaka akasinzia. Akafika pia kwa mwanamume aliyepiga picha za glavu zilizoangushwa njiani, glavu moja moja, na chini ya kila picha amekisia ni nani aliyeiangusha na alikuwa akiwaza nini. Kuna nyingine inakutupa katikati ya bahari, popote, unaona samawati tupu na maandishi madogo yanayokuambia nchi kavu iko mbali kiasi gani. Basi. Hakuna kingine. Mourine aliipenda hiyo kuliko watu wengi anaowajua.

Alichopenda hasa ni kufikiria kwamba kuna mtu aliketi mahali akayafanya haya yote bila kutumwa na bosi wala kulipwa, kisha akaacha mlango wazi aende zake. Siku nzima watu humletea fomu zinazotaka kujua jina la pili na namba ya kitambulisho. Huku hakuna aliyemuuliza jina. Alikuwa anaingia tu.

Na kwa kuwa roho yake haikuwa ya choyo, alianza kugawa. Mfumo wa serikali ukilala, na mfumo hulala, wateja hukaa kwenye benchi wakinung'unika. Basi Mourine huwageuzia skrini. Amewahi kumsikilizisha Kaveke mvua ya mji mmoja wa ng'ambo, naye akasema hiyo ni ile ile ya kwao Kangundo, mtu asimdanganye. Wateja wakaanza kuuliza, "Leo una nini?" kabla hata ya kutoa vitambulisho.

Jioni akifunga cyber hununua sukuma wiki na mayai, anaingia kwenye chumba chake nyuma ya maduka, anafunga mlango. Shangazi aliyemleta Thika alistaafu kiwandani akarudi nyumbani, Mourine akabaki na chumba. Nyumbani Ugenya wanafikiri ana marafiki wengi kwa sababu kazi yake ni ya watu. Plot ile ya vyumba vya kupanga ni ya watu wanaotoka alfajiri na kurudi gizani, na kila mlango una kufuli lake. Hakujihurumia. Alikuwa amezoea, na kuzoea kitu si sawa na kukipenda.

Guka Zacharia alikuja kiangazi cha mwaka huu, amebeba kibali cha mazishi ndani ya bahasha ya plastiki. Wote pale humwita guka, kama wanavyomwita kila babu mwenye kofia na fimbo. Zamani alikuwa nyapara wa wachuma kahawa kwenye shamba moja upande wa Ruiru, shamba ambalo sasa limeota maghorofa. Alisifika kwa jambo moja: hakumpita mtu bila salamu. Alisalimia wachuuzi, walevi, na hata watu waliokuwa kwenye simu, akangoja wakate ndipo awasalimie vizuri. Kisha mkewe Nyawira akafa, na mzee akanyamaza. Siku hiyo aliingia akaketi bila kumwambia mtu neno, watu wakatazamana.

Kibali cha Nyawira kilipaswa kupanda kwenye mfumo ili mzee apate cheti cha kifo, na mfumo ulikuwa umelala. Mourine alimtazama mzee akikunja na kukunjua ile bahasha. Akafungua tovuti ya madirisha.

Tovuti hiyo haina maneno mengi. Watu wa pande mbalimbali za dunia wameweka kamera dirishani kwao, na wewe unatazama nje kama vile umelala kwao. Mourine alikuwa na dirisha lake la kupenda, katika mji mdogo wa kaskazini wenye jina lililojaa herufi zenye vitone. Lilionyesha mti usio na majani, benchi, na theluji iliyolala juu ya kila kitu. Thika ilikuwa inachemka, bati linalia kwa jua, na hapo kwenye skrini weupe ule ulikuwa unaanguka polepole bila haraka ya kufika chini.

"Hii ni TV?" Zacharia aliuliza. Ndilo neno lake la kwanza.

"Si TV, guka. Ni dirisha ya mtu. Ameweka kamera, ameacha watu waangalie."

"Waangalie nini?"

"Chenye kinapita."

Kikapita. Mama mmoja mzee, mwenye kofia ya sufu ya manjano, alikuja akipima hatua kwenye theluji, akafuta benchi kwa mkono, akaketi. Alitoa makombo mfukoni akaanza kuyarusha, na ndege wakashuka kutoka kwenye mti ule ambao ulionekana hauna kitu. Zacharia alivua kofia. Wengine walidhani ni joto.

"Habari ya huko, mama," akasema.

Na mama yule akainua mkono mpaka usawa wa paji la uso. Jua la huko lilikuwa limetokeza chini chini, likampiga machoni, akaziba. Mourine aliliona jua. Zacharia aliuona mkono.

"Ameitikia," mzee akasema.

Mourine alikuwa ameshafungua mdomo amwambie hapana. Kisha akauona uso wa mzee. Ulikuwa umefunguka, na yeye akafunga mdomo. Alijiambia kwamba ni jambo la dakika moja tu. Mfumo ungeamka, kibali kingepanda, mzee angeenda.

Kesho yake mzee alirudi amenyoa ndevu. Kesho kutwa akaja na koti la kahawia, lile la harusi za watu, limepigwa pasi mpaka linang'aa mgongoni. Kila adhuhuri aliingia, akavua kofia, akaketi mbele ya kompyuta ya pembeni ambayo Mourine alikuwa anamwekea, na mama yule alipofika alimsalimu. Alimsalimu kwa Kiswahili, kwa sababu si heshima kumwongelesha mgeni Kikuyu. Alimwambia maharagwe yamekataa mwaka huu. Alimwambia Nyawira pia alikuwa anamwagia kuku mahindi hivyo hivyo, kwa mkono wa kushoto, na alikuwa akimgombeza kwa hilo. Mama wa dirishani hurusha kwa mkono gani, hakuna aliyekuwa ametazama mpaka siku hiyo. Wakatazama. Ulikuwa wa kushoto.

Kaveke aliona fursa. Akatangaza barabara nzima kwamba guka amepata mzungu, na vijana wa boda wakawa wanamuuliza Zacharia harusi ni lini. Zacharia hakusikia, au alisikia akaona ni salamu kama nyingine, akawaitikia. Alikuwa ameanza tena kusalimia watu. Binti yake aliyeolewa Mugutha alimpigia Mourine simu. "Sijui mnampea nini hapo, lakini ameanza kukula. Asante sana." Mourine alikata simu. Shukrani ile ilikuwa ya kitu kisichokuwapo. Sasa angemwambiaje? Akimwambia ukweli, mzee angerudi kwenye kile kiti chake cha nyumbani asisimame tena. Asipomwambia, kuna siku mtu angemwambia kwa kicheko, mbele za watu, na hiyo ingekuwa mbaya zaidi.

Ndipo mama wa dirishani akakosa kuja.

Siku ya kwanza Zacharia alisema labda ni baridi. Ya pili ndege walishuka wenyewe, wakatembea juu ya benchi, wakapanda tena. Ya tatu mzee aliegemea fimbo yake akaitazama skrini mpaka saa ya chakula ikapita.

"Huyu ni mgonjwa," akasema.

"Labda amesafiri, guka."

"Mtu mwenye kulisha hasafiri bila kuachia mtu kazi. Ni mgonjwa. Na hao wenye wanapita hapo hakuna mtu anauliza." Akavaa kofia. "Kesho ni Alhamisi. Nitaongea na watu wa fellowship."

Hapa inafaa kueleza jambo ambalo mgeni hawezi kulijua. Kundi la maombi la kina Zacharia hukutana kila Alhamisi, na kazi yake kubwa si kuimba. Ni kutembelea. Mtu akilazwa, akifiwa, akijifungua, Alhamisi inayofuata atawaona mlangoni na vyondo vilivyojaa unga, sukari, majani chai, mkate na sabuni. Wataketi, watasoma, wataomba, watakabidhi. Hawaulizi kama ni mbali. Wameshawahi kwenda mpaka Kamakis kwa mtu aliyevunjika mguu na ambaye hata hakuwa wa kanisa lao.

Mourine alielewa alichokuwa anaambiwa: wangekuja kumtembelea mama wa dirishani. "Guka, ngoja. Kuna kitu sikukuambia, kuhusu huyu mama…" Lakini kijana aliyekuwa anataka kuchapisha barua ya kazi alimgusa bega, karatasi ikakwama kwenye mashine, na alipoinua kichwa mzee alikuwa ameshavuka barabara, koti lake la kahawia likielekea nyumbani kwa Emmah.

Emmah, ambaye wote humwita shosho kama wanavyomwita Zacharia guka, ndiye kiongozi wa kundi. Huuza mayai kwa jumla, na hakuna mtu Kiganjo nzima aliyewahi kumpitishia yai bovu. Mourine alimwogopa kama kila mtu.

Alhamisi adhuhuri, alipowaona wakija, alipiga magoti chini ya meza. Waya wa intaneti ulikuwa pale, mweupe, umeshikwa na kucha ndogo ya plastiki. Kuung'oa tu. Kisha angeinuka na kusema mtandao umepotea, poleni, na wangerudi nyumbani, na mzee angebaki na heshima yake kwa wiki nyingine. Aliushika. Alisikia sauti ya Zacharia nje, ikimwelekeza mtu mahali pa kukanyaga, sauti ya mtu anayepeleka wageni mahali anapojulikana. Mourine aliona aibu sana, tena kwa ajili yake mwenyewe, si ya mzee. Akauachilia waya, akainuka, akafungua lile dirisha la kwenye kompyuta.

Waliingia wakajaa. Akina mama wenye vitambaa vya kichwa, wazee wachache, vyondo viwili vizito vikawekwa chini kando ya mashine ya kuchapisha. Kaveke aliacha viatu vyake akaja kusimama mlangoni, mikono kifuani, tayari kuona sinema. Kwenye skrini theluji ilikuwa inaanguka. Benchi lilikuwa limefunikwa kabisa, na halikuwa na alama hata ya kidole.

"Hapo ndipo hukaa," Zacharia akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye wodini.

Mama mmoja akasema kwa upole kwamba ni baridi mno kwa mtu mzee. Waliinamisha vichwa. Emmah akaomba, sala fupi isiyo na mapambo, akimtaja mgonjwa kama "huyu mama ambaye jina lake Wewe unalijua." Mourine hakufumba macho. Aliwatazama wakiwa wameinama mbele ya ule weupe, nuru yake baridi ikiwa imelala kwenye vitambaa vyao, na kwa kitambo alidhani anaota: kwamba Kiganjo yote imekuja kusimama kwenye lile dirisha pamoja naye.

"Amina," wakasema.

Emmah hakugusa chondo. Alimgeukia Mourine. "Sasa, mama, nikuulize. Huyu mtu, akikaa hapo, anatuonanga?"

Feni ilizunguka. Zacharia pia aligeuka, akimtazama kwa imani yote, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi.

"Hapana," Mourine akasema. "Hajawahi kutuona. Hajui tuko."

Kaveke akacheka mlangoni, kicheko kifupi, kisha akaona hakuna aliyemfuata, akakimeza.

"Hata ile siku aliinua mkono?" Zacharia akauliza.

"Alikuwa anaziba jua, guka."

Mzee aliitazama kofia yake iliyokuwa magotini. "Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Ulikuwa umefurahi. Sikujua kusema."

"Nilikuwa nimefurahi," akakubali. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Aliitafuta fimbo kwa mkono asiipate, akawa anapapasa hewa kama mtu kwenye giza, na Mourine alitamani sakafu ya cyber ifunguke immeze.

Emmah ndiye aliyemrudishia fimbo, kisha akamkalisha tena kwa kumgusa bega. "Zacharia, unaenda wapi? Keti. Nyawira alilala pale hospitali mwezi mzima bila kufungua jicho. Hatukuwa tunaenda?"

Mzee aliilaza fimbo magotini.

"Tulimsomea. Nilimwambia bei ya mayai, mwenyewe ulinisikia. Ulimuuliza daktari kama anatusikia, akasema hajui. Na Alhamisi ile ingine tukaenda tena." Akawageukia wengine. "Mgonjwa ametembelewa. Hiyo imeisha. Sasa tuongee juu ya hivi vitu."

Zacharia alipangusa uso kwa kofia yote, bila kujificha. Aliachwa apanguse. Kisha akakohoa akawa nyapara tena.

"Hivi vitu haviwezi kurudi," akasema. Na kweli, kwao kitu kilichotoka nyumbani kwa jina la kutembelea hakirudishwi kabatini. Ni kama kumwambia aliyetembelewa kwamba hukumfikia.

"Ndiyo nasema," Emmah akasema. Alikuwa anamtazama Mourine kwa lile jicho la kukagua trei za mayai. "Wewe, mama, wewe ni wa wapi?"

"Ugenya."

"Sijauliza huko. Hapa. Unakaa na nani?"

"Peke yangu, shosho."

"Tangu lini?"

"Tangu shangazi arudi nyumbani."

"Na ni nani amewahi kukuja kukuona?"

Mourine alifikiri. Alikuwa anawajua watu wa mtaa huu kwa namba za vitambulisho, kwa majina ya baba zao, kwa makosa ya tarehe zao za kuzaliwa. Alifikiri kwa bidii, kwa sababu alitaka kumpata hata mmoja. "Kazi ni mingi," akasema mwishowe.

Emmah akainua chondo. Zacharia akainua kile kingine, akakataa kusaidiwa. Kaveke, ambaye alikuwa hajui pa kuweka uso wake, alisema angebaki kuangalia duka, na kama kuna mtu wa kuchapisha angemwambia angoje.

Walipita kwenye jua kali, kundi zima, nyuma ya maduka, wakipishana na nguo zilizoanikwa. Mourine alikuwa mbele akihesabu kichwani aibu zake zote: kitanda hajakitandika, vyombo vya asubuhi viko kwenye beseni, hakuna pa kukalisha watu zaidi ya kitanda chenyewe na mtungi wa plastiki wa maji. Alifungua kufuli, akausukuma mlango, akasimama kando wapite.

Hakuna aliyepita.

"Ingia wewe kwanza," Zacharia akamwambia. "Mtu atakukaribisha aje kama mmesimama nje naye?"

Akaingia. Zacharia akauvuta mlango taratibu mpaka ukafunga. Mourine alisimama katikati ya chumba, kwenye giza dogo lenye harufu ya sabuni na vitunguu, akawasikia huko nje wakikohoa na kunong'onezana, wakijipanga. Katika miaka yote aliyolipa kodi ya chumba hicho, aliyewahi kuugusa mlango huo ni mwangalizi wa plot, na yeye hupiga ngumi.

"Hodi hapa," Zacharia akasema.

Mourine alilisukuma beseni la vyombo chini ya kitanda kwa mguu. Nje wakangoja.

"Hodi," mzee akarudia, bila haraka yoyote.

"Karibuni," Mourine akasema, na sauti haikutoka vizuri, ikabidi airudie kwa nguvu ili hata waliokuwa nyuma kabisa wasikie.